Kondoo Wasiohitaji Dawa

Jamani, sogeeni mnisikilize, na yule atakayeona maneno haya yanamgusa asijifanye amekumbuka sufuria jikoni. Mimi ni mkaguzi wa nyama. Miaka kumi na tisa nimesimama machinjioni na kisu mkononi na muhuri mfukoni, nikiamua kipi kiende buchani na kipi kitupwe shimoni. Kazi hiyo haimfundishi mtu maneno laini. Anayetaka maneno laini akasikilize redio.

Ilikuwa asubuhi tulivu, wiki ya tatu tangu mvua irudi. Miaka miwili mizima tulikuwa tumekaushwa mpaka visima vikatoa tope. Sasa mteremko ulio nyuma ya nyumba ya mdogo wangu ulikuwa umevaa kijani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko lake na kikombe cha chai, siku yangu ya mapumziko. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, mtoto wake wa mwisho mgongoni, akiwatoa kondoo mmoja mmoja kwenda malishoni.

Kondoo wenyewe mnawajua. Mwili mweupe, kichwa na shingo nyeusi. Si wa sufu hawa. Manyoya yao ni mafupi na hujidondokea yenyewe, hakuna wa kuwakata. Wanakula vichaka ambavyo ng'ombe anavipita kwa dharau. Wakipata wiki mbili za majani wananenepa, na nyama yao haina harufu. Sitawasema vibaya. Katika hadithi hii kondoo hawana kosa.

Kila kondoo alipofika langoni, mdogo wangu alimshika kichwa na kuivuta kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani ya kope kukiwa kwekundu, mnyama ana damu. Kukipauka, ujue kuna minyoo tumboni inayomnyonya. Nilimfundisha mwenyewe jambo hilo, na yeye akalifanya kila mwezi kwa miaka kumi bila kuruka.

"Dada, hebu njoo uone," aliniita.

Alikuwa amemshika jike mmoja mzee. Chini ya taya palikuwa pamevimba, pamening'inia kama kifuko cha maji. Sikuhitaji kusogea karibu kujua ni nini.

Kabla sijajibu, mumewe alitoka ndani akifunga vifungo vya shati. Shemeji yangu huyo watu walimwita Mgumu, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mama yake. Alifuga kondoo wa mbegu, akiwauzia wafugaji wengine madume na mitamba. Langoni alikuwa amechoresha kibao kwa rangi nyekundu: KONDOO WAGUMU. HAWAHITAJI DAWA. HAWAHITAJI NAFAKA. HAWAHITAJI KUBEMBELEZWA. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani aliwasikiliza wahenga mbele ya rangi nyekundu? Watu walitoka mbali kuja kununua.

"Unafanya nini machoni mwa kondoo wangu?" aliuliza.

"Huyu kavimba taya, baba watoto. Na kope zimepauka kwa wengi. Tuwanyweshe dawa ya minyoo wote, kabla mvua haijazidi."

"Dawa?" Mgumu aligeuka kutazama barabara, kana kwamba neno hilo lingeweza kumfikia mnunuzi. "Wamekaa miaka miwili wanakula miiba, wanakunywa maji mara moja kwa siku, hakufa hata mmoja. Leo wana majani mpaka magotini ndiyo wafe?"

"Ukame hauna minyoo. Majani mabichi ndiyo..."

"Shemeji, unamsikia?" alinigeukia akicheka. "Mke wangu siku hizi ni daktari!"

Na mimi, ambaye nilijua kwamba mdogo wangu anasema kweli, nilicheka kidogo. Ilikuwa asubuhi nzuri na chai ilikuwa tamu. Sikutaka ugomvi. Kumbukeni kicheko hicho mtakapotaka kunipigia makofi baadaye.

Niwaeleze kosa la Mgumu, maana ni kosa letu sote tunaofuga mnyama huyu. Tunaogopa ukame. Jua likiwaka tunahesabu kondoo kila jioni, tunagawana maji, tunalala jicho moja wazi. Mvua ikinyesha tunashusha mabega, tunasema tumepona. Kumbe mayai ya minyoo yalikuwa yamelala udongoni yakingoja unyevu. Mnyama aliyevuka ukame amevuka akiwa hana akiba mwilini, na hapo ndipo anapoingia kwenye majani yaliyojaa minyoo. Hafi siku ya shida. Anakufa siku ambayo kila mtu anasema shida imekwisha.

Sasa niseme kuhusu mdogo wangu. Mtoto yule wa mgongoni alikuwa na miezi minane. Alizaliwa katikati ya ukame, siku ya Jumatatu. Jumatano mama yake alikuwa malishoni, kwa sababu mchungaji alikuwa amefukuzwa ili kubana matumizi. Mgumu alifanya jambo hilo kuwa hadithi ya kuwasimulia wateja.

"Mnaona mama huyo?" alikuwa akisema, mkono kiunoni. "Kajifungua Jumatatu, Jumatano yuko nyuma ya kondoo. Katika boma hili hata watu ni wagumu!"

Wateja walicheka, wakampongeza yeye, si mwanamke. Na mwanamke alitabasamu na kuwamiminia chai. Kilemba cha ukoka alivishwa mdogo wangu, nacho akakivaa, maana hakuna kingine alichowahi kupewa na mtu yule.

Baada ya wiki mbili Mgumu alileta kondoo wanane machinjioni. Alikuwa amechagua wale waliokonda, kimyakimya, awageuze nyama kabla wanunuzi wa mbegu hawajawaona. Mimi nilikuwa zamu. Wa kwanza alipotundikwa, nyama ilikuwa imepauka, inatoka majimaji. Figo hazikuwa na mafuta hata ya kupaka kidole. Nilipasua tumbo lake la nne, lile la mwisho kabla ya utumbo, na humo minyoo ilikuwa imejazana, myembamba, imejisokota nyekundu kwa nyeupe. Nilipasua wa pili. Nilipasua wa nane. Kisha nikachukua rangi ya bluu tunayomwagia nyama iliyokataliwa, nikawamwagia watano.

Mgumu aliingia na viatu vya barabarani mpaka kwenye sakafu yetu.

"Shemeji, unanifanyia nini mbele za watu?"

"Nafanya kazi yangu. Kondoo wako wanakufa kwa minyoo wakiwa wamesimama."

"Ni hawa wachache. Dhaifu hawakosekani."

"Watano kati ya wanane? Kawanyweshe dawa leo hii. Leo!"

"Jumamosi ijayo nina wageni wanakuja kuchukua thelathini," alisema kwa sauti ya chini, akinisogelea. "Wakikuta chupa ya dawa kwenye zizi langu nitawaambia nini? Miaka minane nimejenga jina. Nyinyi ukoo wenu mna wivu, hamtaki kuona mtu anainuka."

Wachinjaji walikuwa wameacha visu wanatusikiliza. Nilimwambia kwa sauti ya wao kusikia kwamba jina lililojengwa juu ya uongo ni shimo lililofunikwa kwa majani. Alitema mate sakafuni. Nikamwamuru ayaoshe, na akayaosha.

"Mdogo wangu hajambo?" nilimuuliza alipomaliza.

"Yule?" Alirudisha mpira wa maji kwenye ndoano. "Yule hajui kuumwa."

Neno hilo lilinikaa vibaya. Kesho yake nilikwenda kwao saa ambayo nilijua Mgumu yuko mjini.

Nilimkuta mdogo wangu jikoni, ameketi kwenye kigoda akiwa ameegemea ukuta, ungo wa mchele mapajani. Aliinuka kunipokea na papo hapo akashika mlango. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nyuma ya mlango, usawa wa mkono wa mtu aliyeketi, ukuta wa udongo ulikuwa na shimo la ukubwa wa kikombe, limekwanguliwa kwa kucha.

"Panya gani wanachimba hivi?" niliuliza.

Alitazama chini. "Si panya, dada."

Nikaona kucha zake zimejaa udongo. Mdogo wangu alikuwa akila ukuta wa nyumba yake.

Nilimshika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akiwashika kondoo wake, nikaivuta kope yake ya chini. Nimeona nyama nyingi maishani mwangu, mbichi na iliyooza, lakini si kitu kama kile. Ndani ya kope kulikuwa kweupe kama karatasi.

"Tangu lini?"

"Tangu nijifungue. Damu haijawahi kukaa sawa. Inakuja mara mbili kwa mwezi, na inakuja nyingi." Alisema hivyo kwa aibu, kama mtu anayekiri kuvunja sahani ya watu. "Nilikwenda zahanati. Muuguzi alinipa vidonge vya kuongeza damu na karatasi ya kwenda hospitali kubwa."

"Viko wapi vidonge?"

Alichungulia nje kwanza. Nilingoja.

"Baba watoto aliviona dirishani. Akasema mgeni akivikuta atauliza nani anaumwa, na akishauliza hivyo ataanza kuangalia na kondoo. Akavitupa chooni."

Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo dini ya nyumba ile. Nilianza kutukana. Nilitukana mpaka mtoto akaamka. Mdogo wangu alinishika mkono akaniambia nipunguze sauti, kisha akafungua debe la unga, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kutoa chupa kubwa ya plastiki. Ilikuwa dawa ya minyoo ya kondoo, imebaki robo.

"Hii nimekuwa nikiwanywesha mwenyewe," alisema. "Kila mwaka, mvua zikianza. Nanunua kwa hela ya mayai. Nawapa wale wenye kope nyeupe tu, huko malishoni, asione. Mwaka huu mayai yamekuwa machache. Haitoshi wote."

"Miaka mingapi?"

"Tangu aweke kile kibao."

Mmesikia? Ugumu wote ule uliosifiwa nchi nzima, ugumu ambao watu walitoa ng'ombe wawili kupata dume mmoja, siri yake ilikuwa mwanamke mmoja na chupa ndani ya debe la unga. Ukame kondoo wale waliushinda kwa asili yao, sikatai. Mvua aliwashindia yeye. Mgumu alikuwa akiuza jasho la mkewe na kuliita uzao.

"Fungasha nguo," nilimwambia. "Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Jumamosi kuna wageni, dada. Nani atawakamatia kondoo? Nani atapika? Nikiondoka leo ataaibika, na hasira zake unazijua. Jumapili nitakuja mwenyewe. Nakuahidi."

"Unaweza kusimama mpaka Jumapili?"

Alitabasamu. "Niko sawa."

Na mimi nikaondoka. Wenzangu, mimi ambaye nilimkatalia mtu kondoo watano bila kupepesa jicho, nilimwacha mdogo wangu akiwa na kope ile kwa sababu aliniambia yuko sawa. Ningemkuta kondoo wa mtu na dalili zile ningepiga simu kwa daktari wa mifugo kabla sijanawa mikono. Nilijiambia siku nne si nyingi. Nilijiambia nisivunje nyumba ya watu. Tunaogopa kuvunja nyumba za watu, hata tunapoona zinamwangukia mtu aliye ndani.

Ya Jumamosi sikuyaona mwenyewe. Aliyenisimulia ni mfugaji mmoja bibi, ambaye watu wanamwita Bi Mizani kwa kuwa hanunui mnyama kabla hajamtundika kwenye mizani yake. Alikuwa mmoja wa wanunuzi saba waliofika asubuhi hiyo. Walipewa viti mbele ya zizi, wakapewa chai. Mgumu alikuwa amevaa koti.

Bi Mizani hakukaa. Aliingia zizini na kumshika mtamba, akavuta kope. Akamshika mwingine.

"Mbona hawa kope zao nyeupe?" aliuliza.

"Ah, bibi!" Mgumu alicheka, na wengine wakacheka naye. "Hiyo ndiyo alama ya uzao wangu. Kondoo wangu halisi lazima awe na kope nyeupe. Ukiona nyekundu ujue amechanganywa."

Naapa alisema hivyo. Na wanunuzi wawili, watu wazima wenye ndevu, wakaanza kutafuta kondoo wenye kope nyeupe zaidi.

Bi Mizani alisema hataki uzao wa namna hiyo. Mgumu aliona wengine wanaanza kutazamana, basi akaamua kuwaonyesha ugumu kwa macho yao. Alimwita mkewe amkamate dume mkubwa na kumleta mbele. Dume yule alikuwa na kilo themanini na alikuwa hapendi kushikwa. Mdogo wangu aliingia zizini. Alimfukuza mara moja, akamkosa. Alimfukuza mara ya pili, akamshika mguu wa nyuma, na Mgumu akaanza hadithi yake ya Jumatatu na Jumatano. Alipofika kwenye Jumatano mkewe alianguka kifudifudi kwenye matope, mguu wa dume ukimponyoka mkononi.

Wanunuzi waliinuka kwenye viti.

"Kaeni, kaeni," alisema Mgumu. "Anajilegeza tu. Anajua wageni wapo. Mkimkimbilia mtamzoesha. Ataamka mwenyewe, huyo mnamjua?"

Na wakakaa! Watu saba wenye akili zao, wenye wake na mabinti nyumbani kwao, wakakaa na vikombe mikononi wakimtazama mtu aliyelala matopeni, kwa sababu mwenye mali amesema ataamka. Bi Mizani peke yake ndiye aliyeingia, na alipomgeuza akaona macho yamepanda juu. Aliwatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, akamlazimisha kijana wa gari lake ashushe kondoo wawili aliokuwa amewanunua kwingine, wakampakia mdogo wangu kwenye gari la mzigo, kichwa chake mapajani mwa bibi. Wanunuzi wale walipoulizwa baadaye walisema walikaa kama dakika kumi. Bi Mizani anasema ilikaribia nusu saa. Mimi namwamini mwenye mizani.

Nilipigiwa simu nikiwa machinjioni. Nilifika hospitali na gambuti miguuni na damu ya ng'ombe kwenye koti, askari wa getini akataka kunizuia, akaniangalia usoni akaacha. Daktari alikuwa msichana mdogo aliyechoka. Alinieleza kwa upole kwamba damu ya mdogo wangu ilikuwa imebaki chini ya robo ya inayotakiwa, na kwamba moyo wake umekuwa ukisukuma kitu kama maji kwa miezi, sasa umechoka. Aliuliza kwa nini hakuletwa mapema. Nilikunja mkono wa nguo nikamwambia atoe yangu, atoe mpaka atakapotosheka.

Walitoa mfuko mmoja, wakaupima, ukafaa. Wakatundika mmoja uliokuwepo kwenye friji, kisha wakaenda kuandaa wangu. Nilikaa kando ya kitanda. Saa nane mchana alifumbua macho akanitambua.

"Dada. Wale wa zizi la nyuma hawajanywa dawa."

"Achana na kondoo."

Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka harakaharaka. Kisha akasema, "Naumwa, dada."

Nilimlea binti huyo. Nilimbeba, nikamfundisha kufunga viatu, nikamsuka siku ya harusi yake. Miaka thelathini na mitatu, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitamka neno hilo. Nilimwambia, "Najua. Sema tena. Sema kwa sauti." Hakusema tena. Mfuko wa damu yangu waliuleta wakati muuguzi anamfunika uso.

Mgumu alifika saa kumi. Alikuwa bado na koti lake.

"Nilikuwa namalizana na wateja," alisema mlangoni. "Imekuwaje? Asubuhi alikuwa mzima kabisa."

Wauguzi wawili ndio walionishika mikono.

Siku ya mazishi watu walijaa. Mmoja baada ya mwingine walisimama kumsifu. Alikuwa mvumilivu, walisema. Hakulalamika hata siku moja. Hujapata kusikia sauti yake. Mama yule alikuwa chuma. Jirani wa kike alisema mabinti wa siku hizi waige mfano wake, kwani mvumilivu hula mbivu. Na Mgumu, aliposimama, alifuta macho akasema, "Mke wangu hakuniambia hata mara moja kwamba anaumwa."

Niliinuka bila kupewa nafasi.

"Alikuambia," nilisema. "Alikuambia kwa vidonge, ukavitupa chooni. Alikuambia kwa kuanguka mbele yako, ukawaambia wageni wakae. Ulitaka akuambie kwa tarumbeta? Na nyinyi mnaomsifu hapa kwa kutolalamika, mnajua alikuwa akila nini? Alikuwa akila udongo wa ukuta! Nendeni nyuma ya mlango wa jiko mkaone. Mbivu mnazosema alikula wapi? Nionyesheni hizo mbivu!"

Wazee walinitaka nikae. Mtu mmoja alisema huu si wakati wake. Nikamuuliza wakati wake ulikuwa lini. Kisha nikawaambia kwamba nami nilimwona kope, nikamwacha siku nne, ili asije mtu akasema kwamba najitoa. Nilikaa. Hakuna aliyesimama kumsifu tena.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kuna anayeficha yake na kuna anayefichiwa kwa nguvu, na kifo hakichagui, humuumbua aliyebaki. Mwezi ule mvua ziliendelea. Hakukuwa na mtu wa kuvuta kope wala chupa katika debe. Kati ya kondoo wa Mgumu walikufa hamsini na moja, wengine wakiwa na majani mdomoni. Waliouzwa Jumamosi ile walikufa kwa wanunuzi, na wanunuzi wakarudi wakiwa wamepakia mizoga yao kwenye magari, wakaimwaga langoni kwake. Leo Mgumu anaishi peke yake, anamsimulia kila anayepita kwamba alirogwa. Nikipita, haniangalii. Ninapita mara kwa mara kwa makusudi.

Watoto watatu wa mdogo wangu ninao mimi. Wiki iliyopita yule binti mkubwa, wa miaka tisa, alikuwa anaosha vyombo huku anatetemeka. Nilimgusa paji la uso, lilikuwa moto kama pasi.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama mkubwa," alijibu, akanitabasamia tabasamu nililolijua. "Niko sawa."

Sahani niliyokuwa nimeishika niliiweka chini ili nisiivunje. Nilimbeba mpaka zahanati na miguu yake mirefu ikining'inia, huku akinisihi nimshushe, ataweza kutembea. Ilikuwa malaria. Njiani nilimfundisha kusema neno moja, na tulilisema pamoja mpaka tukafika: naumwa, naumwa, naumwa. Watu walitushangaa. Washangae.

FUNZO, NA LIMWINGIE KILA MTU

Kiumbe mgumu si kiumbe asiyehitaji kitu. Kondoo avumiliaye jua anahitaji dawa mvua ikija, na mtu aliyebeba nyumba wakati wa shida anahitaji kutunzwa shida ikipungua, maana hapo ndipo mwili wake unapodai. Mwanamume anayejivunia mke asiyelalamika ajiulize ni nini alichofanya mpaka mke akaona kulalamika hakuna faida. Nanyi mnaosifu uvumilivu wa watu misibani, acheni. Mlikuwa na miaka mingi ya kuwauliza wakiwa hai, mkavaa miwani ya mbao.

Na usimwamini mtu aliyepauka akikuambia yuko sawa. Mshike mkono mwende hospitali siku hiyohiyo, hata akikasirika, hata mumewe akikasirika, hata kama kuna wageni Jumamosi. Wageni watajipikia.